Kuwaondoa Watumiaji Waliokaa Kimya Kwenye Mfumo wa Unix wa Pamoja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamekusudiwa wasimamizi wa mashine za Unix na Linux ambazo watu wengi huziingia kwa wakati mmoja. Msomaji anadhaniwa kuwa anaijua sheli na ana ruhusa ya root.

Kwa nini mfumo umtoe mtu ambaye hafanyi lolote?

Sababu zinazotajwa ni tatu, na kuzichanganya ndiko kunakozaa mipangilio mibovu. Ya kwanza ni usalama: mtu ameinuka na kuiacha terminali yake wazi, na yeyote apitaye anaweza kuandika amri kwa jina lake. Ya pili ni rasilimali, yaani kumbukumbu, nafasi za kuingia, au leseni za programu zinazohesabiwa kwa idadi ya watumiaji. Ya tatu ni vipindi vilivyokufa, ambavyo mwenye navyo alikwishazima kompyuta yake au kukatikiwa na mtandao huku seva ikiendelea kumsubiri.

Enzi ambapo mashine moja ilihudumia terminali chache na laini chache za modemu, sababu ya pili ilikuwa na uzito mkubwa, kwani aliyekaa kimya alimzuia mwenzake asiingie kabisa. Leo sheli iliyotulia haili muda wa prosesa, na kumbukumbu inayoshika ni megabaiti chache tu. Kwa hiyo, anayetaka kuwatoa watu ili mashine iende kasi mara nyingi anamfukuza asiye na hatia. Anayeilemea mashine kwa kawaida ni yule anayefanya kazi, si aliyenyamaza. Sababu ya tatu ni ya kweli, ila ina dawa yake, ambayo si kumhesabia mtumiaji dakika. Inabaki ya kwanza, na hiyo ndiyo inayostahili kuongoza maamuzi mengine yote.

Mfumo unajuaje kwamba mtu amekaa kimya?

Haujui, unakisia. Kila terminali ina faili lake chini ya /dev, kwa mfano /dev/pts/3, na faili hilo hubeba muda wa mara ya mwisho kusomwa. Mtumiaji anapobonyeza kitufe na programu ikakipokea, muda huo husogezwa mbele. Amri `w` na `who -u` hutoa muda huo kwenye saa ya sasa na kuonyesha tofauti. Katika matokeo ya `who -u`, nukta humaanisha kwamba terminali imetumika ndani ya dakika moja iliyopita, na neno `old` humaanisha kwamba zimepita zaidi ya saa 24.

Keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, haiusogezi muda huo kwa usahihi wa kila kitufe. Mwaka 2013 ilibadilishwa ili muda uende kwa hatua za sekunde 8, kwa sababu ilionekana kwamba mtumiaji mwingine angeweza kuutazama na kukisia mwendo wa vidole vya mtu anayeandika nywila. Kwa kazi yetu hatua hizo hazina athari.

Chenye athari ni kwamba kipimo hiki hakisemi lolote kuhusu kazi inayoendelea. Anayesubiri programu kubwa ikusanywe kwa saa mbili anaonekana amekaa kimya saa mbili. Aliyefungua madirisha matano na kuandika katika moja tu anaonekana mwenye bidii katika hilo moja na mzembe katika manne. Kigezo chochote utakachotunga juu ya kipimo hiki kitarithi upofu wake.

Nianzie wapi?

Anza na kigeu TMOUT, ambacho bash, ksh na zsh zote zinakitambua. Thamani yake ni sekunde. Sheli ikishaonyesha kidokezo cha amri na kusubiri muda huo wote bila kupata mstari wowote, inajifunga yenyewe. Weka faili kama hili:

```
# /etc/profile.d/tmout.sh
TMOUT=1800
readonly TMOUT
export TMOUT
```

Neno `readonly` linamzuia mtumiaji asikibadilishe kigeu ndani ya sheli hiyo. Ukilisoma faili hilo upya katika sheli ileile, bash italalamika kwamba kigeu hakibadilishiki, jambo ambalo si kosa la usanidi wako. Kumbuka pia kwamba /etc/profile husomwa na sheli za kuingilia peke yake. Sheli zinazofunguliwa baadaye husoma mafaili mengine, ambayo majina yake hutofautiana kati ya toleo moja la Linux na jingine.

Uzuri wa njia hii ni upole wake. Sheli inajifunga ikiwa tu imesimama kwenye kidokezo, hivyo hakuna hati iliyofunguliwa inayoweza kupotea. Kwa maoni yangu, mashine nyingi za pamoja hazihitaji kuvuka hapa.

Nimeweka TMOUT, lakini kuna mtu amekaa ndani ya vi tangu jana. Kwa nini hajatolewa?

Kwa sababu sheli yake haisubiri amri, inasubiri vi imalize. Saa ya TMOUT haihesabu programu nyingine inapokuwa mbele, iwe ni kihariri, `less`, `top`, au ssh iliyokwenda kwenye mashine nyingine. Huo ndio upande wa pili wa upole uliotajwa hapo juu: kinachoilinda kazi ya mtu ndicho kinachomwachia nafasi ya kukaa. Ukitaka kumfikia huyo wa vi, unahitaji kitu kinachotazama terminali kutoka nje ya sheli, na hapo ndipo hatari ya kupoteza kazi za watu inapoanza.

Je, sheli zote hutii kwa namna moja?

Hapana. bash hufunga mara tu muda unapokwisha. ksh hutoa onyo kwanza na kumpa mtumiaji sekunde 60 za kubonyeza kitufe. zsh hutumia ishara ya ALRM, na mtumiaji akiwa ameandika kazi (function) iitwayo TRAPALRM, ishara hiyo huiendesha badala ya kuifunga sheli. tcsh haina habari na TMOUT. Ina kigeu chake, `autologout`, kinachohesabiwa kwa dakika na si sekunde, na huandikwa hivi:

```
set -r autologout=30
```

Wapo waliowahi kuandika 1800 hapo kwa mazoea ya bash, na matokeo yake yalikuwa saa 30. Sheli za dash na fish hazina utaratibu huu kabisa, hivyo mtumiaji anayeruhusiwa kubadili sheli yake kwa `chsh` anaweza kuhamia huko. Orodha ya sheli zinazoruhusiwa imo katika /etc/shells.

Mtumiaji mjanja anaweza kukwepa?

Anaweza, tena bila jasho. Amri `exec env -u TMOUT bash` humpa sheli mpya isiyobeba kigeu hicho, na `readonly` haisaidii kwa kuwa sifa hiyo hairithiwi na mchakato mwingine. Anaweza kuacha `top` ikizunguka. Na hata ukitumia programu inayopima muda wa terminali kutoka nje, mtumiaji ndiye mmiliki wa faili la terminali yake, kwa hiyo kitanzi kifupi kinachoendesha `touch` juu ya faili hilo kila baada ya dakika chache kitamfanya aonekane macho usiku kucha.

Ichukulie basi hatua hii kama kinga dhidi ya usahaulifu, si dhidi ya ukaidi. Mkaidi hudhibitiwa kwa kanuni za matumizi ya mashine na mazungumzo ya ana kwa ana. Kushindana naye kwa usanidi huishia kuwaumiza watumiaji watiifu, ambao hawakuwahi kuwa tatizo.

Nimeambiwa niweke ClientAliveInterval katika sshd_config. Je, inatosha?

Haitoshi, na ushauri huo umeenea mno. ClientAliveInterval huiamuru sshd, programu ya upande wa seva ya ssh, itume ujumbe kwa upande wa mteja kila baada ya sekunde kadhaa za ukimya na kusubiri jibu. Anayejibu ni programu ya ssh, si mtu. Mtumiaji anaweza kuwa amelala, na ssh yake itaendelea kujibu mpaka asubuhi. Kinachogunduliwa hapa ni muunganisho uliokufa, yaani ile sababu ya tatu, na kwa kazi hiyo ni chombo kizuri sana:

```
ClientAliveInterval 300
ClientAliveCountMax 3
```

Kwa thamani hizi, mteja asiyejibu hukatwa baada ya takribani dakika 15. Bila hivyo, seva hubaki ikitegemea ukaguzi wa TCP wenyewe, ambao kwa kawaida ya Linux husubiri sekunde 7200 kabla ya kuanza kuuliza.

Zamani kulikuwa na ujanja wa kuweka ClientAliveCountMax kuwa 0 ili kila aliyenyamaza akatwe. Kuanzia OpenSSH 8.2 ya mwaka 2020, thamani ya 0 huzima ukataji kabisa. Msimamizi aliyenakili usanidi wa zamani kwenye seva mpya anadhani ana ulinzi ambao hana, kwa hiyo mstari huo ndio wa kwanza kukaguliwa unaporithi mashine ya mtu mwingine.

Tangu OpenSSH 9.2 ya mwaka 2023 kuna mpangilio uitwao ChannelTimeout, unaofunga njia (channel) ndani ya muunganisho wa ssh ambayo haijapitisha data kwa muda uliowekwa. Huu unakaribia zaidi lengo letu, ila data inayohesabiwa ni ya pande zote mbili: aliyeacha `top` ikijichora upya kila sekunde chache hahesabiwi kuwa kimya. Mwenzake ni UnusedConnectionTimeout, unaokata muunganisho ambao hauna njia yoyote iliyo wazi. Soma ukurasa wa mwongozo wa toleo lako kabla ya kuandika majina ya aina za njia.

Kwenye mashine inayotumia systemd kuna njia nyingine?

Ipo. systemd ndiyo inayowasha na kusimamia huduma kwenye Linux nyingi, na sehemu yake iitwayo logind hufuatilia vipindi vya walioingia. Katika /etc/systemd/logind.conf kuna mpangilio `StopIdleSessionSec`, uliokuja na systemd 252 na ambao kwa chaguo-msingi hauna kikomo. Ukiupa thamani, logind hukisimamisha kipindi kilichokaa kimya kupita muda huo. Tofauti na TMOUT, hapa husimamishwa kipindi kizima, hata kama vi iko mbele. Kwa hiyo jaribu kwanza kwa akaunti ya majaribio, ukiwa umeacha kihariri wazi na kazi ya chinichini ikiendelea, uone kinachobaki na kinachokufa.

Usiuchanganye na `KillUserProcesses`, unaoamua kama michakato ya mtumiaji iuawe anapotoka. Mpangilio huo uligeuzwa kuwa `yes` katika systemd 230 ya mwaka 2016 na kuzua mabishano makali, kwa kuwa uliua screen na tmux za watu, yaani programu zinazoweka sheli zikiendelea hata mtu akitoka. Matoleo mengi ya Linux yaliurudisha kuwa `no`.

Vipi kuhusu programu zinazozunguka zikiwatafuta waliokaa kimya?

Zilizo maarufu ni autolog, timeoutd na idled. Zote hufuata mwendo mmoja: huamka kila baada ya muda, husoma orodha ya walioingia, hutazama muda wa kila terminali, huonya, kisha hutoa. Faida yake ni kwamba unaweza kutofautisha watu, makundi na terminali. timeoutd, kwa mfano, husoma kanuni zake katika /etc/timeouts na inaweza hata kuweka kikomo cha muda wa siku nzima.

Wengi huamua kuandika skripti yao wenyewe ya cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba. Si vibaya, lakini skripti hizo huharibika mahali palepale kila mara: zinachambua matokeo ya `who` au `w` kwa kuhesabu nguzo. Matokeo ya `w` hubadilisha umbo la muda kadiri unavyorefuka, kutoka sekunde hadi dakika, saa na siku, na skripti iliyotarajia dakika husoma siku 2 kama dakika 2 au kinyume chake. Ni salama zaidi kulisoma faili la terminali moja kwa moja kwa `stat -c %X /dev/pts/3`, ambayo kwenye Linux hutoa sekunde tupu, kisha ukatoa kutoka `date +%s`.

Vyovyote utakavyochagua, weka msamaha kwa akaunti zinazoendesha huduma na kwa konsoli unayoitegemea siku mtandao ukiwa umelala. Halafu endesha programu kwa siku kadhaa ikiandika tu kwenye faili la matukio (log) ni nani ingemtoa, bila kumtoa. Majina utakayoyakuta humo yatakushangaza, na baadhi yatakufanya urekebishe muda.

Nitume ishara gani ninapomtoa mtu?

Anza na HUP. Hiyo ndiyo ishara ambayo programu za terminali zimeitarajia tangu siku za laini za simu, pale ilipomaanisha kwamba laini imekatika. bash ikiipokea huipitisha kwa kazi zake zote kabla ya kufa. Vim ikiipokea huhifadhi mabadiliko katika faili la akiba, na mwenyewe anaweza kuyarudisha kwa `vim -r`. Kazi iliyoanzishwa kwa `nohup` huipuuza na kuendelea, kama mwenyewe alivyokusudia.

```
pkill -HUP -t pts/3
```

Subiri nusu dakika, utazame kilichobaki, ndipo utume TERM. Ishara ya KILL haiipi programu nafasi ya kuhifadhi chochote, na kuiweka iwe ya kwanza katika skripti inayojiendesha yenyewe usiku ni ukatili usio na faida. Kabla ya yote hayo, tuma onyo kwa `write` au `wall`, ukikumbuka kwamba mtu aliyefunga ujumbe kwa `mesg n` hatauona usipoutuma ukiwa root.

Watumiaji wa screen na tmux wanaathirikaje?

Ndani ya tmux kila dirisha ni terminali yake yenye sheli yake, na sheli hiyo hurithi TMOUT. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyepanga madirisha sita kwa ajili ya mradi wake hurudi na kukuta yale yaliyokuwa kwenye kidokezo yamefungwa, moja baada ya jingine. Hili ndilo lalamiko litakalokufikia kwanza. Kwa upande wa usalama halina maana kubwa, kwa sababu tmux iliyotenganishwa na terminali haiko mbele ya macho ya mtu yeyote. Unaweza kuliepuka kwa kutokiweka kigeu pale ambapo `$TMUX` au `$STY` ina thamani, mradi ukubali kwamba aliye ndani ya tmux iliyo wazi mezani atakuwa nje ya kanuni. Kwa huyo, tmux ina `lock-after-time` na `lock-command`, zinazofunga skrini badala ya kuua kazi.

Je, si afadhali kufunga skrini kuliko kumtoa mtu?

Mara nyingi ni afadhali. Kama hofu ni terminali iliyoachwa wazi, skrini iliyofungwa inaizuia sawasawa na sheli iliyozimwa, na kazi ya mtu inabaki ilipo. Kwenye konsoli ya Linux kuna `vlock`. Kwenye mazingira ya madirisha, kifunga skrini cha mazingira hayo ndicho kinachofaa, kwani chenyewe kinaona kipanya na kibodi vyote viwili. Programu zinazopima terminali tu hazioni kipanya, na zinaweza kumtoa mtu aliye katikati ya kuchora. Ndiyo maana tcsh, ambayo huweka dakika 60 zenyewe kwa sheli za kuingilia na za root, haifanyi hivyo inapoona kwamba iko chini ya mfumo wa madirisha.

Muda ufaao ni upi?

Ukiwa chini ya masharti ya nje, umeamuliwa tayari: PCI DSS, kiwango cha wanaoshughulikia kadi za malipo, hutaka mtu ajitambulishe upya baada ya dakika 15 za ukimya, na miongozo ya usalama ya CIS kwa Linux hutaka TMOUT isizidi 900. Usipokuwa chini ya masharti hayo, tazama watu wako. Kwenye mashine ya utafiti, ambako mtu huandika, husoma makala na kurudi, nusu saa huudhi na saa mbili huvumilika. Kwa root weka muda mfupi, kama dakika 10, pasipo huruma. Sheli ya root iliyosahauliwa haina utetezi.

Tangu niweke TMOUT, skripti zinazomuuliza mtumiaji swali zimeanza kukatika. Kuna uhusiano gani?

bash hutumia thamani ya TMOUT pia kama muda wa kusubiri wa amri `read`, na `select` nayo hukatika vivyo hivyo. Kigeu kikisafirishwa kwa `export`, hufika ndani ya skripti, na swali lisilojibiwa kwa wakati hurudisha kushindwa. Weka `unset TMOUT` mwanzoni mwa skripti husika. `Readonly` ya sheli mama haitakuzuia.

Shida yangu hasa ni mashine kulemewa. Nifanyeje?

Weka mipaka, si saa. `maxlogins` katika /etc/security/limits.conf hupunguza idadi ya vipindi kwa mtu mmoja. Kwenye systemd, faili lililowekwa katika /etc/systemd/system/user-.slice.d/ lenye `MemoryMax` na `CPUQuota` humgusa kila mtumiaji kwa usawa, awe anaandika au amelala.

Mtumiaji ametolewa, lakini `who` bado inamwonyesha. Je, yumo?

Pengine hayumo. Kwa kawaida `who` husoma rekodi za utmp, yaani orodha ya walioingia, na programu iliyouawa kwa KILL huenda haikupata nafasi ya kufuta rekodi yake. Hakiki kwa `ps -t pts/3`: kama hakuna mchakato wowote kwenye terminali hiyo, kilichobaki ni maandishi tu, na yatafutika terminali hiyo itakapopewa mtu mwingine au mashine itakapowashwa upya. Ukikuta skripti yako inaendelea kumwonya mtu wa aina hii kila baada ya dakika kumi, ongeza ukaguzi huo wa `ps` kabla ya onyo.